Presha Iliyopimwa Mlangoni mwa Ukumbi



Juma hili tulikusudia kuendelea na tafakari juu ya Sakramenti ya Ndoa, kama tulivyoahidi. Tunaomba radhi, tafakari hiyo itasubiri. Kuna jambo lililotokea parokiani Jumapili mbili zilizopita, na kwa kuwa sehemu ya kosa ni letu, tumeona si haki kulinyamazia.

Baada ya Misa ya pili, wenzetu wa kikundi cha afya waliweka meza mlangoni mwa ukumbi, wakawa wanapima presha bila malipo. Nia ilikuwa njema. Sisi wenyewe ndio tuliotangaza jambo hilo kabla ya baraka ya mwisho, tukawahimiza watu wasiondoke bila kupimwa, nao kwa utii wao wakajipanga hadi chini ya mwembe. Palikuwa na mpimaji mmoja, mashine moja na kiti kimoja. Asiyefikiwa na zamu alisimama juani. Na kwa kuwa watu walikuwa wengi, mpimaji alisoma namba kwa sauti ili mwenzake aziandike daftarini.

Katika foleni ile alikuwamo baba mmoja wa miaka 39, mkulima na mwanakwaya, ambaye hajapata kulazwa hospitalini tangu azaliwe. Alikuwa ametoka kigangoni kwa baiskeli, mwendo wa kilomita 14, akaimba Misa nzima, akasimama foleni muda usiopungua nusu saa, kisha akavuta juu mkono wa koti lililombana na kufungwa mkanda wa mashine huku akizungumza na jirani yake habari za bei ya mbolea. Mashine ikasoma 164 kwa 102. Namba hizo zikatajwa mbele za watu. Hakuambiwa aketi apumzike, wala hakupimwa mara ya pili. Aliambiwa tu kwamba presha yake imepanda, basi amwone daktari.

Daktari hakumwona. Jioni ile mama mmoja jirani, ambaye ana ugonjwa huo kwa miaka mingi, kwa huruma yake alimgawia vidonge anavyotumia yeye. Akameza viwili usiku na viwili alfajiri. Asubuhi akiwa zizini anakamua, aliinuka ghafla, giza likamfunika macho, akaanguka na kupasuka paji la uso. Jumanne alikuja ofisini kwetu pamoja na mkewe, kichwa kimefungwa kitambaa, akaomba Mpako wa Wagonjwa. Aliamini kwamba anakufa. Alituuliza pia kama shamba liandikwe sasa kwa jina la mkewe.

Hatufichi kwamba mkono wetu ulikuwa umekwisha kufika kwenye kabati la mafuta matakatifu. Kilichotuzuia ni neno la yule mama, aliyesema kwamba mumewe hakuwa na tatizo lolote kabla ya vile vidonge. Tukawapeleka kwa Sista wa zahanati. Sista alimketisha kwenye kiti chenye mgongo, akamwamuru anyamaze, akamwacha hivyo dakika 5, ndipo akampima: 128 kwa 80. Baada ya dakika moja akampima tena: 124 kwa 78. Na kwa kuwa huenda vidonge vilikuwa bado mwilini, alimwagiza arudi siku 3 zilizofuata. Namba zikabaki hizo hizo, kwa tofauti ndogo. Mtu yule ni mzima. Kilichomwangusha ni dawa asiyoihitaji.

Tumejiuliza kwa siku nyingi kosa lilikuwa wapi, maana mashine haikuwa mbovu. Huenda hata ilisema kweli. Huenda dakika ile, baada ya baiskeli, jua, kuimba na kuzungumza, damu ya mtu yule ilikuwa kweli ikisukuma kwa nguvu hiyo. Kosa lilikuwa kuichukua habari ya dakika moja na kuifanya habari ya mtu.

Kwa wale wasiojua, namba zile mbili zina maana nyepesi. Ya juu ni msukumo wa damu katika mishipa wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni msukumo unaobaki wakati moyo unapopumzika kati ya pigo na pigo. Hupimwa kwa milimita za zebaki, kwa sababu vipimo vya zamani vilikuwa na bomba la zebaki iliyopanda na kushuka. Mkanda wa kufungwa mkononi tunamshukuru daktari Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, aliyeutangaza mwaka 1896. Namna ya kusikiliza mapigo chini ya mkanda huo tunamshukuru Mrusi, Nikolai Korotkov, mwaka 1905.

Lakini aliyetangulia kuupima msukumo wa damu alikuwa mtumishi wa madhabahu, jambo ambalo limetufurahisha na kutuaibisha kwa pamoja. Stephen Hales alikuwa mchungaji wa Kianglikana wa parokia ya Teddington, karibu na London. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1733 alieleza jinsi alivyoingiza kijibomba cha shaba katika mshipa wa farasi jike na kukiunganisha na bomba refu la kioo lililosimama wima. Damu ilipanda futi 8 na inchi 3, yaani zaidi ya mita 2 na nusu. (Walio na huruma kwa wanyama watatusamehe; nasi hatukulipenda jaribio lenyewe.) Tunalolitaka kwake ni jambo moja aliloliona na kuliandika: damu ile haikutulia mahali pamoja. Ilipanda na kushuka inchi 2, 3 au 4 kwa kila pigo la moyo, na mara nyingine ilishuka inchi 12 au 14 na kukaa huko kwa muda. Basi mchungaji yule, karibu miaka 300 iliyopita, aliketi akaitazama damu ikibadilika. Sisi tuliwapima watu kama tunavyopima magunia ya mahindi.

Presha si kama urefu wa mtu mzima, ambao ukipimwa leo na kesho ni ule ule. Mtu mwenye afya anapolala, presha yake hushuka, kwa kawaida kati ya asilimia 10 na 20. Anapoamka hupanda. Anapobeba gunia, anapogombana au anapopokea simu ya msiba, hupanda zaidi, kisha hurudi. Mwili umeumbwa hivyo, na usingefanya hivyo tungezimia kila tunapoinuka kitandani.

Halafu yapo makosa ya kupima yenyewe. Wataalamu wameyachunguza, na ukubwa wake ulitushangaza. Kuzungumza wakati wa kupimwa huweza kuongeza milimita 10 hivi kwenye namba ya juu. Kibofu kilichojaa, 10 hadi 15. Mkono unaoning'inia bila kuegemezwa usawa wa moyo, kama 10. Mkanda mdogo kwa mkono mnene, kati ya 5 na 20. Hata kukunja mguu mmoja juu ya mwingine, au kukaa bila kuegemea, kuna sehemu yake. Kahawa, sigara au mwendo wa haraka katika nusu saa iliyotangulia navyo husogeza namba. Tusizijumlishe zote kama hesabu za duka, kwa maana hazifanyi kazi hivyo, lakini msomaji amrudie kwa mawazo yule baba wa baiskeli, ahesabu mangapi kati ya haya tulimtendea.

Tena upo woga. Mwaka 1983 Giuseppe Mancia na wenzake wa Milano walichapisha uchunguzi uliofanywa kwa kuweka kipimo ndani ya mshipa, kikisoma presha bila kukoma. Daktari alipoingia chumbani na kuanza kupima, namba ya juu ilipanda kwa wastani wa milimita kama 27 na ya chini kama 15, kisha ikashuka taratibu jinsi dakika zilivyopita. Wapo watu ambao kila wakifika hospitalini presha iko juu, na wakipimwa nyumbani iko sawa. Wataalamu huiita presha ya koti jeupe. Nasi tunathubutu kusema kwamba pasipo koti jeupe, foleni ya majirani wanaotega masikio yatosha kabisa.

Hapo baadhi yenu mtasema: basi namba hizi ni upuuzi, tusijisumbue. La hasha! Hapa ndipo tunapotaka tusikilizwe kwa makini zaidi.

Miaka michache iliyopita, katika meza kama ile ile, alipimwa mzee wetu mmoja wa jumuiya, mwenye nguvu zake, mcheshi, asiyejua kuumwa kichwa. Namba zake zilikuwa juu kuliko za huyu mkulima. Alicheka. Alisema mashine ya watu wa kanisa imezeeka kuliko yeye, na sisi tulikuwa karibu, tukacheka pamoja naye. Hakupimwa tena popote. Kwaresima iliyofuata alipatwa na kiharusi, na leo tunampelekea Komunyo nyumbani, akiwa hawezi kusema wala kuinua mkono wa kuume. Hatuwezi kudai kwamba tunajua yote yaliyokuwa mwilini mwake. Tunajua tu kwamba namba yake ilistahili kupimwa mara ya pili, wala haikupimwa, na kwamba tulicheka.

Kwa sehemu kubwa presha ya kupanda haimwambii mtu kitu. Haiumi wala haiwashi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu kama bilioni 1.28 wa umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa nayo, na asilimia 46 kati yao hawakujua. Kwa hiyo neno tunalolisikia kila siku, kwamba "sijisikii kitu, Padre", halithibitishi lolote. Kuna na wale ambao mambo yao ni kinyume cha koti jeupe: wakipimwa zahanati namba ni nzuri, lakini shambani, kazini au usiku ziko juu. Hao ni wagumu kuwatambua, na hatari yao ni ya kweli.

Hivyo mkulima aliyeanguka zizini na mzee aliyepooza walikosewa kosa lile lile. Namba moja, kwa mtu ajionaye mzima, ni swali. Huyu tulimgeuzia swali kuwa hukumu ya kifo, na yule tukamgeuzia kuwa mzaha. Kwa wote wawili hapakuwa na mtu wa kusema: njoo uketi, tupime tena, kesho urudi.

Utaratibu wenyewe si mgumu, na Sista ametusaidia kuuweka sawa. Mtu akipata namba isiyo ya kawaida, na hana dalili yoyote, aketi kimya dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono wazi bila nguo umewekwa juu ya meza usawa wa moyo. Apimwe mara mbili kwa kupumzika dakika moja au mbili katikati. Mara ya kwanza ipimwe mikono yote miwili, kwa maana kwa wengine mkono mmoja husoma juu kuliko mwingine. Tofauti ndogo si kitu, lakini ikizidi milimita 10 au 15 na ikarudia, daktari aambiwe, na tangu hapo utumike mkono wenye namba ya juu. Kisha apimwe siku nyingine. Shirika la Afya Duniani hutaja ugonjwa huu pale tu namba zinapofika 140 kwa 90 au zaidi katika siku mbili tofauti. Kwa anayejipima nyumbani, madaktari wengi hushauri siku 7, asubuhi na jioni, mara mbili kila safari, siku ya kwanza isihesabiwe, na wastani wa zinazobaki ukifika 135 kwa 85 amwone daktari. Mashine ya kufunga mkono wa juu ni bora kuliko ya kifundo cha mkono. Na mwenye mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio ajue kwamba mashine za betri huweza kumdanganya. Huyo apimwe na mtu mwenye kusikiliza kwa masikio.

Yapo yasiyosubiri siku 7. Namba ikifika 180 kwa juu au 120 kwa chini, na baada ya dakika chache za kutulia bado iko hapo, mtu asilale nayo. Na ikiwa pamoja nayo kuna maumivu ya kifua, pumzi kukatika, upande mmoja wa mwili kulegea, ulimi kuwa mzito, macho kutoona au kichwa kuuma kupita kiasi, aende hospitali saa ile ile. Akina mama wajawazito wasifuate lolote tulilosema juu ya kungoja. Mjamzito mwenye 140 kwa 90 aende kliniki siku hiyo hiyo.

Na presha ya kushuka? Binti mmoja wa kwaya aliambiwa pale mezani kuwa ana 96 kwa 60, akashauriwa aongeze chumvi. Kijana mwenye afya, asiyepata kizunguzungu wala kuzimia, namba hizo zaweza kuwa ndiyo hali yake tangu utotoni. Hakuna ugonjwa hapo. Chumvi aiache, wengi wetu tumekwisha kupita gramu 5 kwa siku zinazoshauriwa.

Wako waliotuandikia kwamba mambo ya vipimo ni ya hospitali, na kazi ya padre ni sala. Tunawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kumheshimu tabibu kwa kuwa Bwana ndiye aliyemuumba, na katika sura hiyo hiyo anamwagiza mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2288, inautaja uhai na afya kuwa zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, zitunzwe kwa busara, tukikumbuka pia mahitaji ya wengine. Namba inayofuata inaonya dhidi ya kuuabudu mwili. Twaona maonyo yote mawili yanatuhusu: yupo anayeikimbia mashine, na yupo anayejipima mara 10 kwa siku akiacha kazi na usingizi, na kila akiona 138 moyo unampasuka, na kwa sababu hiyo inafuata 146.

Kuhusu kutaja namba kwa sauti, tunaona haya zaidi kuliko yote. Sisi mapadre tumefundwa kuilinda siri ya kitubio hata kwa gharama ya maisha. Presha si dhambi wala meza ile si kiti cha kitubio, lakini aliyeketi pale alitukabidhi jambo lake, nasi tukalitangaza kama matangazo ya ndoa. Mkewe alitueleza kwamba kabla hawajafika nyumbani, watu wawili walikuwa wamekwisha kumpa pole.

Kwa hiyo, baada ya kushauriana na Halmashauri ya Walei, tumeisimamisha meza ile. Itarudi tutakapokuwa na viti vyenye migongo, mikanda ya mashine ya vipimo viwili, pazia, na vijikaratasi ambavyo kila mmoja ataondoka na chake. Sista amekubali kuwafundisha wenzetu wa kikundi cha afya Jumamosi mbili, kuanzia saa 3 asubuhi. Kila atakayekutwa na namba ya juu atapewa siku ya kurudi, na mtu wa jumuiya yake, kwa ridhaa yake, atamkumbusha.

Mwenyekiti wa kikundi amelalamika, na malalamiko yake yana uzito. Anasema kwa utaratibu huo watapimwa watu 30 badala ya 200, na kati ya wale 170 hakosekani mmoja kama yule mzee. Hatuna jibu la kumtosheleza. Tunaamini kwamba 30 watakaofuatiliwa watafaidika kuliko 200 watakaosomewa namba na kuachwa, lakini hatuwezi kuapa kwamba hatutamkosa mtu. Wenye viti vya mbao vizuri vya kuazima, vyenye kuegemea, wawaone viongozi wa WAWATA kabla ya Jumapili.

Yule baba ameondolewa nyuzi za paji la uso na amerudi kwaya. Alipokwenda kumrudishia mama jirani vidonge vilivyobaki, alimkuta amelala na kichwa kinamuuma. Mama huyo alikuwa amempa karibu vyote alivyokuwa navyo, akiwaza kwamba yeye amezoea na mwenzake ndiye aliye hatarini, akakaa siku 4 bila dawa akingojea siku ya kliniki. Walimpeleka zahanati kwa baiskeli ile ile. Sista alimketisha, akamnyamazisha dakika 5, akampima mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa juu ya 180. Kwa sasa yuko hospitali ya wilaya, na ametuma neno kwamba anaendelea vizuri.

Paroko wenu.